Plasta na mazoezi kwa shingo iliyotangulia na mabega yaliyopinda: mwongozo kamili

Mtazame fundi cherehani kwa ubavuni saa kumi jioni, wiki ya kabla ya Idi, kazi zikiwa zimemlemea. Kidevu kimetangulia kuifuata sindano, mabega yameingia mbele, mgongo wa juu umepinda, na kila baada ya muda mkono mmoja unapanda kuminya ile nyama iliyo kati ya shingo na bega. Mhasibu aliye mbele ya laptopu ana umbo hilohilo. Mwanafunzi anayesoma simu akiwa kitandani naye analo.

Vladimir Janda, daktari wa Prague aliyefariki mwaka 2002, aliueleza mpangilio huu kama msalaba. Mstari mmoja unapita kwenye misuli iliyofupika na kukakamaa: ya kifua, na ile ya juu ya mabega inayopanda hadi kisogoni. Mstari wa pili unapita kwenye iliyolegea: misuli midogo ya ndani mbele ya shingo, na ile ya mgongoni inayoshikilia makombe ya mabega yasipae wala kutawanyika. Si kila mwili unafuata mchoro huo sawasawa, lakini kwa kazi ya nyumbani unatosha: legeza upande mmoja, jenga upande wa pili.

Plasta inaingia wapi? Haivuti mfupa wala haimnyooshi mtu. Unaibandika ukiwa umekaa vizuri, kwa hiyo ukianza kujikunja inakaza ngozi na unahisi. Ni kumbusho lililobandikwa mgongoni, basi. Tafiti nyingi zinaonyesha nafuu ya muda mfupi tu, na zinaonyesha pia kwamba umbo la shingo na maumivu havifuatani kwa karibu kama tunavyodhani: kuna waliopinda wasioumwa, na walionyooka wanaoumwa. Katika mwongozo huu nitatumia maneno mengi kwenye plasta kuliko inavyostahili, kwa kuwa ndiko watu wanakokosea na kuumiza ngozi. Kazi yenyewe inafanywa na mazoezi.

Nani asianze bila kuonwa na daktari

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye uchovu, kukakamaa au maumivu ya kawaida ya shingo na mabega yanayozidi jioni na kupungua akipumzika. Usiendelee ikiwa maumivu yanashuka mkononi pamoja na ganzi au mkono kuishiwa nguvu. Usiendelee ikiwa yalianza baada ya ajali au kuanguka. Vidole vikiwa vizito kufunga vifungo vya shati, miguu ikayumba ukitembea, au mkojo ukakushinda kuuzuia, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, maana uti wa mgongo wenyewe unaweza kuwa umebanwa.

Homa kali pamoja na shingo kukakamaa na kichwa kuuma ni dharura. Usikae nyumbani ukidhani ulilala vibaya. Maumivu ya ghafla ya shingo yanayokuja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au ulimi kuwa mzito, nayo ni dharura. Vivyo hivyo maumivu ya shingo, taya au bega yanayoambatana na kifua kubana na pumzi kukatika, kwa sababu moyo nao una tabia ya kujitokeza huko.

Halafu kuna lile tunalolisahau. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na sehemu moja ya uti wa mgongo inayouma ukiigusa: huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Kinapinda mgongo polepole, na kwetu bado kipo. Hakuna plasta wala zoezi la kukitibu. Mzee aliyeanza kupata kibiongo na kupungua kimo naye apigwe picha kwanza, kwani pingili zinaweza kuwa zimevunjika kwa mifupa kuwa dhaifu, na zoezi la kulalia taulo nitakalolieleza huko chini lingemuumiza.

Jipime ukutani

Simama umeupa ukuta mgongo, visigino vikiwa umbali wa kama upana wa vidole vinne kutoka ukutani, makalio na mgongo wa juu vikigusa. Tazama mbele, si juu. Je, kisogo kinagusa ukuta bila kuinua kidevu? Kama hakigusi, mwenzako apime kwa utepe wa fundi kutoka kwenye kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio hadi ukutani. Andika namba hiyo na tarehe. Usiilinganishe na ya mtu mwingine, kwa sababu vichwa vinatofautiana. Utailinganisha na yako mwenyewe baada ya wiki sita.

Kisha akupige picha ya ubavuni ukiwa kazini, bila kukuambia. Ndiyo picha ya kweli. Mtu akijua anapigwa picha hujinyoosha palepale.

Sasa jaribu kujinyoosha kwa makusudi. Ukiweza, hata kwa sekunde chache, tatizo lako ni la mazoea na misuli, na plasta inaweza kukusaidia. Ukiona mgongo wa juu umekuwa mgumu kabisa, hausogei hata ukilala chali, plasta haitafanya kitu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Tukiwa hapo, neno moja kuhusu uzito. Kichwa cha mtu mzima kina takriban kilo 4.5 hadi 5.5. Huenda umeona mchoro unaosema kwamba ukiinamia simu kwa nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27. Namba hiyo imetoka kwenye hesabu za kompyuta za daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj za mwaka 2014, si kwenye shingo za watu hai. Mwelekeo wake ni sahihi, kwamba kadiri kichwa kinavyoinama ndivyo misuli ya nyuma inavyofanya kazi zaidi, lakini usiogope kuinamisha kichwa. Shingo imeumbwa iiname. Kinachochosha ni kukaa hivyo saa nzima bila kubadilika.

Vifaa

Kuna aina mbili, na hazitumiki kwa namna moja.

Ya kwanza ni plasta ngumu ya michezo, isiyovutika, kwa kawaida yenye upana wa sentimita 3.8 na gundi yenye zinki. Hiyo haiwekwi moja kwa moja kwenye ngozi. Chini yake hutangulia plasta laini nyeupe, ile ambayo wauguzi hufunikia vidonda, yenye upana wa sentimita 5. Njia ya kubandika plasta ngumu juu ya laini ilienezwa na Jenny McConnell, mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, ambaye katika miaka ya 1980 aliitumia kwa maumivu ya goti, na baadaye ikahamia kwenye mabega na mgongo.

Ya pili ni teipu ya rangi inayovutika, upana sentimita 5, rola ya mita 5. Aliyeianzisha ni Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, na dunia iliifahamu zaidi kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, pale mchezaji wa voliboli ya ufukweni Kerri Walsh alipoonekana na teipu nyeusi begani. Rangi haina maana yoyote ya tiba. Muuzaji akikuambia ya bluu inapoza na nyekundu inapasha moto, lipia rola uondoke.

Ongeza mkasi mkali, sabuni isiyo na mafuta, taulo, na mafuta ya nazi au ya watoto kwa ajili ya kubandulia. Selotepu, gundi ya karatasi na plasta ya mafundi rangi visiguse ngozi. Na mtafute mwenzako: plasta ya mgongoni haijibandiki.

Mimi ningeanza na ngumu kwa mtu anayetaka kumbusho kali la siku moja ya kazi, na ya kuvutika kwa anayeishi kwenye joto na kuoga mara mbili kwa siku. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa mwezi wa pili, ngumu hulowa jasho na kuanza kukunjamana kabla ya adhuhuri.

Andaa ngozi

Siku moja kabla, bandika kipande cha sentimita 3 kwa 3 cha kila aina utakayotumia sehemu ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, ukiache saa 24. Maelekezo mengi yanasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo angalia kuwashwa, joto, uvimbe mdogo, vipele, au ngozi kuwa nyeusi zaidi kuliko pembeni yake. Ukiona mojawapo, aina hiyo si yako.

Usibandike juu ya kidonda, chunusi zilizoiva, ngozi iliyoungua jua, makovu mapya, au mahali unapotumia dawa ya kupaka. Mwenye kisukari ambaye hisia za ngozi zimepungua, na mzee mwenye ngozi nyembamba, waiache. Mbele ya shingo hapabandikwi kamwe, kwa sababu hapo pana mishipa mikubwa ya damu.

Siku ya kubandika, oga kwa sabuni, usipake losheni wala mafuta, na ukauke kabisa. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha plasta kung'oka baada ya saa mbili: mtu amepaka mafuta asubuhi kama ada, halafu analaumu gundi. Nywele za mgongoni zinyolewe jana yake, si dakika hiyo, ili mikwaruzo midogo ipone.

Kubandika plasta ngumu

Keti kwenye stuli isiyo na egemeo, nyayo zote chini, mwenzako akiwa nyuma yako. Mwanamke ashushe mikanda ya sidiria. Plasta itapita chini yake.

Kwanza tafuta mkao. Refusha shingo, kirudishe kidevu nyuma kidogo bila kukiinua. Makombe ya mabega yarudi nyuma na kushuka kwa sentimita moja au mbili tu. Mbavu zisitokeze mbele. Hapa ndipo watu wanapozidisha: wanajivuta kifua mbele kama askari kwenye gwaride, plasta inabandikwa kwenye mkao huo, na baada ya saa moja ama imepasuka ama imechubua ngozi. Kama huwezi kukaa hivyo ukiendelea kuzungumza kwa dakika mbili, umevuta kupita kiasi. Legeza nusu.

Mwenzako achukue plasta laini na kuiweka bila kuivuta hata kidogo. Aanzie mbele ya bega, upana wa vidole viwili chini ya ncha ya nje ya mtulinga, mbali na kwapa. Apite juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, kisha ashuke kwa mshazari kuelekea uti wa mgongo, amalizie kando ya uti, chini kidogo ya ncha ya chini ya kombe. Kwa mwanamke mahali hapo ni karibu na mkanda wa mgongoni wa sidiria. Afanye hivyo pia upande wa pili. Ukizitazama kwa nyuma, njia mbili hizo zinafanana na herufi V.

Sasa plasta ngumu juu yake. Ncha ya mbele ibandikwe na kukandamizwa. Kiganja kimoja cha mwenzako kikae mbele ya bega kuliunga mkono, kisiliache lirudi mbele. Mkono wa pili uvute plasta taratibu juu ya bega na kuilaza hadi mwisho. Nguvu ya kuvuta ni ile ya kuondoa mikunjo kwenye shuka, si zaidi. Kila upande iwe fupi kuliko ile laini kwa sentimita moja hivi, ili gundi kali isiguse ngozi. Ongeza ukanda wa pili unaopanda sehemu kubwa ya ule wa kwanza, bila kuvuka plasta laini. Maliza kwa kipande kifupi cha kulala juu ya ncha za chini, zisifunuke.

Kabla hamjaachana, jaribu. Vuta pumzi ndefu: kifua kitanuke bila kubanwa. Inua mikono yote juu. Geuza shingo kulia na kushoto. Kisha jikunje kama unavyokaa kazini. Hapo ndipo uhisi inavuta. Ukikaa vizuri usihisi chochote. Vidole vikianza kufa ganzi au ngozi ya mbele ya bega ikiuma, bandua palepale uanze upya.

Kubandika teipu ya kuvutika

Njia ni ileile, kipimo cha kuvuta ndicho tofauti. Pima kwa utepe kutoka mbele ya bega hadi kando ya uti. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 25 na 30. Kata vipande viwili, na pembe zake uzikate ziwe duara, kwa sababu pembe kali hunaswa na nguo na kufunuka.

Tuchukue kipande cha sentimita 28. Sentimita 4 za kila mwisho hazivutwi kabisa. Chana karatasi ya nyuma sentimita 4 kutoka mwisho, bandika ncha hiyo mbele ya bega na kuikandamiza. Zilizobaki katikati ni 20: zivute zirefuke kwa sentimita 2 au 3 tu, uzilaze mgongoni, kisha ncha ya mwisho iwekwe imelegea. Sentimita 2 hizo ndizo zinazomshinda mtu, kwani teipu inaweza kurefuka zaidi ya hapo na mkono unatamani. Ncha iliyovutwa ndiyo inayotoa malengelenge.

Ukishamaliza, isugue kwa kiganja kwa nusu dakika. Gundi yake hushika kwa joto. Subiri saa moja hivi kabla ya kutoka jasho au kuoga.

Wengine huongeza kipande cha shingo chenye umbo la Y. Kinasaidia baadhi ya watu wenye mkazo wa kisogoni, ila nywele na jasho hukiharibu upesi, na binafsi sioni kama kinaongeza mengi kwa mtu anayefanya mazoezi.

Muda wa kuvaa, na kubandua

Ngumu: siku moja, isizidi mbili. Ya kuvutika: siku tatu hadi tano. Baada ya kuoga, ikaushe kwa kuikandamiza na taulo bila kuisugua. Kuwashwa kukianza, toa; usisubiri siku zitimie. Ngozi ipumzike angalau siku moja kabla ya kubandika tena, na zoezi zima la plasta lisipite wiki mbili au tatu. Mtu anayeivaa miezi mitatu ameigeuza kuwa nguo.

Kubandua kuna ustadi wake. Ipake mafuta ya nazi juu na kingoni, ungoje dakika tano au kumi. Anzia juu kushuka chini. Kunja ncha, halafu kwa kidole cha mkono wa pili sukuma ngozi iachane na plasta, badala ya kuivuta plasta iachane na ngozi. Ukiichomoa kwa mara moja, unaondoka na tabaka la juu la ngozi, na doa jeusi litabaki mgongoni kwa miezi.

Mazoezi ya kulegeza

Haya yafanye kila siku, ikiwezekana mara mbili. Kuvutika kunaruhusiwa, maumivu makali hayaruhusiwi.

Mlangoni: weka mkono kwenye fremu ya mlango kuanzia kiganja hadi kiwiko, kiwiko kikiwa sawa na bega, upige hatua moja mbele mpaka kifua kivutike. Sekunde 30, mara mbili kila upande. Vidole vikifa ganzi, shusha kiwiko.

Shingoni: kalia kiganja cha kulia ili bega lisipande, kisha laza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto. Baada ya sekunde 20 au 30, geuza pua ielekee kwapa la kushoto na kushusha kidevu. Utahisi mvuto umehamia nyuma, kwenye kona ya juu ya kombe. Badili upande. Usikivute kichwa kwa mkono, uzito wake unatosha.

Mgongo wa juu: kunja taulo au khanga mbili kuwa gogo la unene wa sentimita 8 hivi. Lala chali sakafuni, magoti yamekunjwa, gogo likiwa limekatisha chini ya makombe ya mabega, mikono nyuma ya shingo kuibeba. Toa pumzi polepole mara tano ukiuacha mgongo uangukie nyuma, kisha lisogeze gogo kidogo juu na kurudia. Kiuno kisinyanyuke.

Mazoezi ya kujenga

La kwanza ni kurudisha kidevu, na wengi hulikosea. Simama ukutani au keti. Tazama mbele kwenye alama moja. Sasa telezesha kichwa chote kurudi nyuma kwa usawa, macho yakibaki kwenye alama ileile, mpaka uhisi kidevu cha pili kinajitokeza. Ndiyo, sura haipendezi. Ndiyo dalili kwamba umepatia. Ukiona dari umeinua kidevu, ukiona miguu yako umekiinamisha. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Ukiwa kazini, mara tatu tatu kila ukikumbuka ni bora kuliko kulifanya mara 30 kwa mpigo usiku.

La pili linaonekana la kitoto na ndilo gumu. Lala chali, khanga iliyokunjwa chini ya kisogo. Itikia "ndiyo" kwa kichwa kwa mwendo mdogo sana, kisogo kikiteleza juu ya khanga bila kunyanyuka. Weka vidole viwili pembeni ya shingo mbele, kwenye misuli miwili inayotoka nyuma ya masikio hadi kifuani. Ikikakamaa na kutokeza, umetumia misuli isiyo yake. Punguza mwendo hadi ilegee. Lengo ni sekunde 10 mara 10 huku ukipumua. Wiki ya kwanza wengi hawafiki sekunde 5, na shingo hutetemeka. Gwendolen Jull na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ndio walioichunguza sana misuli hii ya ndani na kuonyesha kwamba kwa watu wenye maumivu ya shingo mara nyingi inazembea kazi.

Mikono ukutani: mgongo ukutani, viwiko na mikono vikigusa ukuta, pandisha mikono polepole juu na kuishusha, mabega yasipae kwenda masikioni. Mara 10, raundi mbili. Viwiko visipogusa ukuta mwanzoni, viache, vitafika.

Kuvuta mpira: funga mpira wa mazoezi kwenye nondo ya dirisha iliyo imara, usawa wa kitovu. Tyubu kuukuu ya baiskeli, ile ya kufungia mizigo, inafaa kabisa. Ioshe, na ikague isiwe na ufa kabla ya kila zoezi, maana ikikatika inarudi usoni. Vuta viwiko nyuma karibu na mbavu, bana makombe kwa sekunde 2, rudi polepole. Mara 12, raundi tatu. Mara 12 zikiwa rahisi, ikunje tyubu mara mbili.

Lala kifudifudi, paji la uso juu ya taulo, mikono imenyooshwa mbele kwa mshazari, vidole gumba vikitazama juu. Inua mikono sentimita chache kutoka sakafuni, shikilia sekunde 3. Mara 8 zinatosha kuanzia. Hapa unaamsha misuli ya chini ya makombe, ile ambayo mtu wa mezani huwa haitumii kabisa.

Mwisho, kusukuma ukuta: simama kama wa pushapu, mikono ukutani, viwiko vimenyooka muda wote. Acha kifua kiukaribie ukuta hadi makombe yakutane, kisha sukuma mpaka mgongo wa juu utanuke. Mara 15.

Sehemu hii ya kujenga ifanye siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Mazoezi mawili ya kwanza yanaweza kuwa ya kila siku. Na kama yote haya yanakuzidi, fanya hili moja: kanyaga katikati ya mpira, shika ncha zake, inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, ushushe polepole. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011, watu 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega waligawanywa makundi. Waliofanya dakika 2 tu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 10, walipata nafuu, na waliofanya dakika 12 hawakuwaacha mbali.

Kiti, meza na macho

Fundi cherehani mara nyingi huinama kwa sababu ya mwanga, si kwa uvivu. Taa ndogo ya moja kwa moja juu ya sindano, na stuli iliyoinuliwa kwa mto mgumu ili nyonga zizidi magoti, vitashinda plasta yoyote. Laptopu ipandishwe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho, na kibodi ya kuchomeka iwe chini. Bila kibodi ya pili, kuipandisha laptopu kunahamishia tatizo mabegani. Simu iinuliwe, kiwiko kikiegemea mkono mwingine au mkoba uliopakatwa.

Waliovuka miaka 40 wapime macho. Mtu anayesogeza uso karibu na kioo ili asome, au anayeinua kidevu atazame kupitia sehemu ya chini ya miwani ya lenzi mbili, ile ya kusomea, atabandikwa plasta mwaka mzima bila faida.

Na usitafute mkao mmoja mtakatifu. Badilisha kila nusu saa: simama, nenda kuchota maji, ongea na simu ukitembea.

Wiki kwa wiki

Wiki ya 1 na ya 2: plasta siku za kazi kwa mapumziko niliyosema, mazoezi ya kulegeza, na yale mawili ya kidevu na "ndiyo". Kila plasta inapokaza, ni ishara ya kurudisha kidevu mara tatu. Wiki ya 3: plasta mara moja tu, siku ile ngumu zaidi, na uanze mpira na ukuta. Kuanzia wiki ya 4 plasta ikae kabatini. Endelea kuongeza ugumu wa mpira hadi wiki ya 12.

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi ni kawaida. Kichwa kuuma kila baada ya zoezi la kidevu maana yake unasukuma kwa nguvu mno, punguza nusu. Wiki ya 6 rudi kwenye ukuta uleule, mwenzako yuleyule, utepe uleule. Namba ikipungua kwa sentimita moja, ni hatua nzuri. Isipopungua lakini unamaliza siku bila kuminya bega, usibadilishe kitu.

Maumivu yakiwa palepale wiki ya 6, au yameongezeka wakati wowote, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za rufaa na za mkoa, au za kaunti kwa walio Kenya, zina kitengo hicho. Mpelekee ile picha ya ubavuni, namba zako za ukutani, na orodha ya mazoezi uliyofanya na mara ngapi.